Fundo Ndani ya Soksi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Anifa na mama yake waliteremka bondeni kuchota maji. Kijiji chao cha Mkunya kiko juu ya uwanda wa Makonde, wilayani Newala. Huko mihogo na mikorosho hustawi, lakini maji ni ya shida. Bomba la kijiji lilikuwa limekauka tangu masika yalipokwisha. Walipopanda tena na ndoo kichwani jua lilikuwa limeshachomoza, na Anifa alikunywa uji kwa haraka, kisha akakimbia ili asiikose kengele ya shule.

Ndiyo maana nyumbani kwao maji hayakuchezewa. Yaliyooshea mboga yaliosha vyombo, kisha yakanyweshwa kuku. Na ndiyo maana baba yake, Mrisho, aliacha kuloweka miguu.

Mrisho aliugua ukoma kabla Anifa hajazaliwa. Alitumia dawa mpaka mwisho akapona, wala hakuweza kumwambukiza mtu. Lakini ugonjwa ule ulikuwa umeua hisia za miguu yake. Angeweza kukanyaga kaa la moto asijue mpaka asikie harufu ya ngozi ikiungua. Wauguzi walimwagiza kila jioni aloweke miguu, aikague yote, kisha aipake mafuta. Alifuata agizo hilo kwa miaka mingi. Lakini mwaka ule wa ukame alikataa.

"Siwezi kutumbukiza miguu katika maji ambayo mke wangu na mwanangu wameyabeba kichwani kutoka bondeni," alisema.

Mama Anifa alibishana naye. Alibishana tena siku nyingine. Mwishowe akachoka, akanyamaza.

Ilipofika Juni, baridi ikatanda uwandani. Asubuhi ukungu ulifunika mikorosho usiweze kuona shina la pili. Mrisho alikwenda shamba na kandambili zake, kwa sababu viatu vya kufunika vilimbana na kumtoa malengelenge. Akirudi, miguu yake ilikuwa imepauka kama majivu.

"Baba, husikii baridi?" Anifa aliuliza.

"Miguuni sisikii kitu, mwanangu. Baridi yangu mimi huanzia magotini," Mrisho alijibu, akacheka.

Anifa hakucheka. Aliitazama ile miguu, akatamani sana kuifanyia jambo.

Shuleni, katika somo la sayansikimu, Mwalimu Dominika alikuwa akiwafundisha kufuma. Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Maduka ambayo zamani yalikuwa na rafu tupu na foleni ndefu sasa yalikuwa na washindani: marobota ya mitumba yalikuwa yakimwagwa chini sokoni Newala, na ndani yake mlikuwa na masweta mazito ya nchi za mbali. Mwalimu Dominika aliyanunua yaliyotoboka, ambayo hakuna aliyeyataka. Wanafunzi waliyafumua na kupata uzi. Sindano zao zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa juu ya jiwe.

Anifa alipata uzi mwekundu. Akaanza kufuma soksi ya kumvika baba. Rafiki yake, Dorika, aliitazama, akaangua kicheko.

"Baba yako ataivalia kiatu gani? Si anavaa kandambili? Ule mkanda wa katikati utapita wapi?"

Kweli. Anifa hakuwa amefikiria hilo. Alimpelekea Mwalimu Dominika ile soksi huku machozi yakimlengalenga. Mwalimu aliigeuza huku na huku.

"Usilie. Fumua mpaka hapa," alisema. "Vitanzi vya upande wa kidole gumba vipitishie uzi, viache pembeni vikusubiri. Fuma kwanza mfuko wa vidole vinne. Ukimaliza, rudi ufume mfuko mdogo wa kidole gumba. Katikati utabaki mwanya, na mkanda utapita hapo."

Haikuwa kazi rahisi. Ule uzi ulikuwa mkuukuu, ulikatika mara kwa mara, na kila ulipokatika Anifa aliufunga fundo. Siku moja mwalimu aliingiza mkono ndani ya soksi, akapapasa.

"Anifa, usifunge mafundo. Ncha za uzi zipenyeze kwa sindano katikati ya vitanzi, taratibu, mpaka zijifiche. Fundo ndani ya soksi ni sawa na changarawe ndani ya kiatu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Anifa aliyafungua mafundo mengi. Lakini moja, kubwa kuliko yote, lilikuwa pale kwenye mwanya, na kulifungua kungemlazimu afumue mfuko mzima wa kidole gumba. Shule ilikuwa karibu kufungwa. Alitaka baba yake azipate soksi zile baridi ingali kali. Alilibonyeza fundo kwa kidole, akajiambia kwamba ni dogo tu.

Siku alipompa baba yake zile soksi, Mrisho alizitandaza magotini, akazitazama. Kisha alizivaa, akachomeka kandambili, mkanda ukakaa sawasawa katika mwanya. Alitembea uani akienda na kurudi kama mtu anayejaribu viatu dukani.

Jirani yao, Isaka, alipita na baiskeli yake, akasimama. "Loo, Baba Anifa! Leo una kwato kama mbuzi!"

"Kwato hizi amenifumia mwanangu," Mrisho alijibu kwa fahari. "Wewe nani kakufumia?"

Tangu siku hiyo hakuzivua. Alikwenda nazo shamba, akala nazo, akalala nazo.

Baada ya siku kadhaa Anifa aliona doa jeusi kwenye soksi ya mguu wa kulia. Alidhani ni utomvu wa mkorosho. Kesho yake doa lilikuwa limetanuka. Lilikuwa pale pale kwenye mwanya.

"Baba, nivulie soksi nizifue," alisema.

"Maji ya kufulia soksi yatoke wapi? Mbona hazijachafuka."

Nzi walianza kuufuata mguu wa baba yake. Mrisho aliwafukuza kwa mkono, akaendelea kumenya ming'oko, viazi pori vya kwao. Hakuchechemea, wala hakuguna, kwa kuwa hakuumia. Anifa peke yake ndiye aliyekuwa akiumia. Walipokuwa wakiteremka bondeni na mama yake alifungua kinywa mara nyingi, akakifumba. Akisema, soksi zitavuliwa, na kila mtu atajua ni fundo lake. Asiposema, je? Aliomba tu doa likauke lenyewe. Halikukauka.

Asubuhi moja waliporudi na maji walimkuta Mrisho ameketi mlangoni, juani, anatetemeka.

"Mtoki umenivimba," alisema, ameshika kinena. "Na homa sijui imetoka wapi."

Mama Anifa alipiga magoti, akajaribu kumvua soksi ya kulia. Haikutoka. Ilikuwa imegandamana na nyama. Akachukua ndoo aliyoitua punde tu, akayamimina juu ya mguu maji yote, yakatiririka uani. Soksi ilipolegea na kuvuliwa, harufu ilimfanya ageuze uso. Katikati ya kidole gumba na kidole cha pili palikuwa na shimo, na ndani ya shimo palionekana kitu cheupe.

"Mungu wangu! Baba Anifa!" Mama alilia.

Mrisho aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Anifa alisimama na ndoo yake kichwani, akashindwa hata kuitua.

Isaka alikuja na baiskeli. Walimpakia Mrisho nyuma, Isaka akaikokota, mama akimshikilia mgonjwa asianguke. Anifa aliwafuata. Katika zahanati, tabibu alifunua kile kidonda, akakifunika. "Hiki si cha kwangu," alisema. "Mpelekeni hospitali, tena leo." Wakaendelea kukokota baiskeli hadi Newala mjini.

Hospitalini Mrisho aliingizwa ndani, na Anifa akaambiwa asubiri nje. Aliketi ukutani. Watu walipita na beseni, na mablanketi, na chupa za chai. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mama yake alitoka akiwa amejifunika uso kwa upindo wa khanga.

"Wanasema mfupa umeoza. Kidole gumba lazima kikatwe, la sivyo mguu mzima utafuata."

Mikono ya Anifa ilitaka kufanya kitu, chochote, na kazi pekee iliyoijua ilikuwa kufuma. Aliikunja mapajani, akakaa hivyo mpaka jua likageuka upande.

Mchana wa siku ya pili, kidole kikiwa kimeshakatwa, muuguzi wa wodi ya vidonda, Bwana Cyril, alimkuta bado pale ukutani.

"Shikamoo," Anifa alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mbona muhogo aliokuachia mama hujaugusa?"

Anifa akaanza kulia. "Ni mimi niliyemkata baba kidole."

Alimweleza yote: fundo, onyo la mwalimu, doa, nzi, na jinsi alivyonyamaza. Bwana Cyril alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimshika mkono, akampeleka kitandani kwa baba yake, ambako mama alikuwa akimpepea mgonjwa, akamwambia, "Haya, waambie na wao."

Anifa alirudia kila kitu, macho yake chini. Alipomaliza, mama aliacha kupepea.

"Fundo lilianzisha kidonda," Bwana Cyril alisema. "Sikufichi, Anifa. Mwalimu wako alikuonya, na ulikosea. Lakini kidonda kidogo, kikionwa siku ya kwanza, kikaoshwa na mguu ukapumzishwa, hupona. Kilichooza mfupa si fundo. Ni zile siku ambazo mtoto aliona akanyamaza, na baba hakuona kwa sababu hakutazama."

"Nilijua natakiwa kuikagua miguu," Mrisho alisema taratibu. "Niliyahurumia maji."

"Na mimi nilichoka kumkumbusha," mama akasema.

"Maji ya beseni dogo yanatosha," Bwana Cyril alisema. "Mkimaliza, yamwagieni miche. Hayapotei. Ndoo nzima mliyoimwaga ile asubuhi ingetosha jioni ngapi?"

Mama alianza kuhesabu kwa vidole.

Mrisho alikaa hospitali hadi jeraha lilipofunga. Kandambili hakuweza kuvaa tena, maana hakuwa na kidole cha kushikia mkanda. Fundi wa hospitali alimshonea makubazi ya tairi yenye mikanda mipana ya juu, laini kwa ndani.

Jioni ya kwanza nyumbani, mama alileta beseni bila kuambiwa. Mrisho aliloweka miguu. Kisha akamwita Anifa, akamwekea mapajani ile miguu miwili, mmoja wenye vidole vinne.

"Kagua wewe. Macho yangu yameanza kuzeeka."

Anifa aliikausha kwa kitambaa, akapapasa kisigino, akapapasa upande. Chini ya mguu wa kushoto aliona nukta nyeusi. Baba yake alikuwa akizungumza na mama kwa furaha habari za mavuno ya korosho. Hakuwa na habari ya lolote. Kwa kitambo Anifa alihisi kinywa chake kikijifumba tena, kama kule njiani bondeni.

"Baba," alisema. "Una mwiba."

Mama aliacha kuongea. Mrisho aliinama, akatazama, asiuone. Anifa alileta pini, akauchokoa taratibu, akauweka kiganjani mwa baba yake. Ulikuwa mdogo kuliko punje ya mtama. Mama alipasafisha kwa sabuni na maji, akapafunga kitambaa safi.

Mrisho aliugeuzageuza ule mwiba kwenye kiganja chake.

"Soksi zilinipa joto, mwanangu, na nilizipenda," alisema. "Lakini msaada wa kweli ni huu wa leo. Miguu yangu haiwezi kuniambia inapoumizwa, na mtu anayenipenda akinificha, sina wa kuniambia. Ukiona jambo baya, liseme lingali dogo, hata kama ni wewe uliyelisababisha, hata kama litaniudhi. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Basi endelea," Mrisho alisema. "Bado mguu huu mwingine."