Goti la Hanus

Kila vuli Hanus hukamata kondoo dume zizini, kisiwani Sandoy. Humlaza mnyama chini, humwekea goti, kisha hungoja. Mnyama akiacha kurusha miguu, Hanus husema, "Amekubali." Zamani mkewe, Marjun, alimtania kwamba hata yeye aliposwa kwa goti hilohilo. Siku hizi hatanii.

Mwaka juzi mtoto wao wa kwanza, Jakup, alishikwa na ugonjwa wa akili. Alipiga kelele, akavunja vyombo. Hanus na shemeji yake walimlaza kifudifudi, wakamwekea magoti mgongoni. Jakup alisema hapati pumzi. Wakamwambia aache visingizio. Alipoacha kurusha miguu, Hanus alisema, "Ametulia." Gari la wagonjwa lilipofika, Jakup alikuwa amekufa.

Mwezi uliopita ugonjwa kama ule ulimrudia mdogo wake, Torkil. Ilikuwa asubuhi, wanakula. Torkil aliona watu ukutani, akashika kisu cha nyama kavu. Hanus akainuka. Marjun akasimama mbele yake.

"Goti lako lisimguse huyu, baba Jakup," alisema.

Wakatoka nje wawili hao, wakamwacha Torkil ndani. Marjun akapiga simu ya dharura. Alitaja dawa ambazo Torkil aliacha kumeza, akasema pia kwamba hakunywa pombe.

Sunnva, mhudumu wa gari la wagonjwa, alikuja na mwenzake na polisi. Alizungumza na Torkil polepole, kwa sauti ya chini, mpaka kisu kikaanguka. Lakini Torkil akaanza kujigonga kichwa ukutani, hasikii tena neno. Hapo wakamshika mikono na miguu, chali. Hakuna aliyemkalia. Sunnva akamchoma sindano ya kutuliza pajani.

Torkil aliposinzia, wakamlaza ubavu, wakampa hewa ya oksijeni, wakapima sukari ya damu. Sunnva hakuondoa macho kifuani pake.

"Si amelala?" Hanus aliuliza. "Unaangalia nini tena?"

"Sasa ndiyo saa ya kuangalia, mzee Hanus. Dawa hii inaweza kupunguza pumzi. Na mtu akinyamaza ghafla, usiseme ametulia. Kwanza tazama kama anapumua. Anayepambana anahitaji hewa nyingi kuliko mimi na wewe. Ukimkandamiza mgongo, kifua hakifunguki."

Hanus akamsimulia jinsi Jakup alivyosema hapati pumzi, nao wakamwambia aache visingizio. Kisha akauliza kama Jakup angepona wasingemkandamiza.

"Sijui," Sunnva alisema. "Ila hakuwa akisingizia."

Kesho yake walimkuta Torkil hospitalini, ameketi, anakula uji. Alikuwa amerudiwa na akili. Alinung'unika kwamba paja linauma, na kwamba huyo Sunnva bila shaka hutumia sindano za ng'ombe.

Marjun alicheka kidogo, kisha akaacha. Hanus alivuta kiti karibu na kitanda.

"Lalamika, mwanangu," alisema. "Kaka yako tulimwambia aache."