Kisanduku Kilichoonja Ulimi wa Awiti

Betri Awiti alikuwa ameitoa mwenyewe, akaiweka mezani kando ya chumvi. Sasa mbona kitaa chekundu cha kile kisanduku kinawaka?

"Baba Adongo," aliita, "hiki kidude chako kinakula nini?"

Owino, mumewe, hakuinua kichwa. Alikuwa anakaza nyuzi za gitaa. Wapiga gitaa ndivyo walivyo: vidole viko kazini, akili imeenda kutembea.

"Ni umeme uliobaki ndani," akasema. "Utaisha."

Haukuisha.

Kisanduku walikitoa Nakivubo, mjini Kampala, kwa Koplo Tarcisio, aliyekabidhiwa duka la redio baada ya mwenye duka, Mhindi, kupewa siku tisini aondoke nchini. Tarcisio hakujua kutofautisha redio na birika. Owino alikuwa na gitaa kavu, zuri, lakini kwenye dansi ngoma zilimmeza, hata aliyekaa mbele aliona vidole tu. Akataka kitu cha kukaa kati ya gitaa na spika, kikuze sauti bila kuiharibu. Tarcisio akamletea viwili. Kimoja kikubwa, cha kuchomeka ukutani. Kilinguruma kama mgonjwa wa tumbo, na kule Kawempe walikopanga, umeme ulikuja siku ukitaka. Kingine kidogo, cha kijivu, cha betri moja ya mraba.

"Hii ndogo ndiyo nalia muzuri," Tarcisio alisema. "Lakini betri Kampala yote hakuna. Chukua hizi za zamani. Ingine iko mzima, ingine ilikufa."

Betri ya namna hiyo unaijua kwa ulimi. Unagusisha vile vichwa viwili. Ikikuchoma, ni hai. Lakini Owino alikuwa mwimbaji, ulimi wake ulikuwa wa heshima. "Mama Adongo, onja wewe," akasema. Basi mke akaonja, kila Ijumaa, mbele ya kisanduku kilichofunguliwa tumbo. Ulimi wa mke, nani ataununulia tiketi?

Ijumaa ya tatu betri haikuchoma. Ilinyonya. Awiti alihisi ulimi unavutwa taratibu, kama titi kinywani mwa mtoto, na chumba kizima kikanuka nywele zilizoungua.

Asubuhi sauti yake ilikwaruza. "Mafua," Owino akasema. Jumatano alimwita muuza maziwa aliyekuwa hatua tatu tu, mtu akapita zake. Na mchana ule, akiwa peke yake anachambua maharage, akasikia kutoka chini ya kitanda mtu anauvumisha ule wimbo aliokuwa akimbembelezea Adongo kabla hawajampeleka mtoto kwa bibi yake Kisumu, wimbo ambao Kawempe nzima hakuna aliyeujua ila yeye, na alipoinama akaona kitaa chekundu, na wimbo ukakatika kama mtu aliyefumaniwa, halafu, polepole, kwa sauti yake yeye Awiti, kikakohoa.

Alitupa betri zote chooni, akakimbilia kwa Bi Rukiah, mganga wa majini, nyumba ya tano kutoka kwao. Rukiah akamfukiza ubani, akamchungulia kooni.

"Jini lilikaa dukani na njaa, na wewe ukalipa ulimi wako lilambe," akanong'ona. "Umebakiwa na neno moja au mawili, usiyamalize kwa kugombana na mume. Hicho kisanduku nileteeni nikizike. Kikipigwa mara moja tena, basi."

Akaja mwenyewe kumwambia Owino.

"Bi Rukiah, sikatai. Lakini Kapteni Anguyo ameniita Jumamosi mchana mesi ya maofisa, na anataka sauti ile ile aliyoisikia dansini. Inamkumbusha mama yake, anasema."

"Mwambie kimeharibika."

"Wewe ungemwambia?"

Rukiah akabeba chetezo chake, akaenda. Waliomwambia Kapteni hapana, jamaa zao walirudishiwa viatu tu.

Jumamosi, Awiti akiwa amemfuata hadi mesi, Owino alijaribu kupiga hivi hivi, gitaa tupu. Kapteni akaweka glasi chini. "Wapi ile kitu?"

Owino alimtazama mkewe mara moja tu, kisha akachomeka waya wa kisanduku. Ndani hamkuwa na betri. Kitaa kikawaka. Awiti akainuka kwenda kuung'oa ule waya.

"Wewe mama! Nasimama fanya nini? Jina yako nani?" Kapteni akafoka.

Awiti akafungua kinywa, akalikusanya neno lake la mwisho, jina alilopewa na mama yake, akalisukuma lote mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na midomo ikalitamka na koo likatetemeka, lakini mbele yake hapakutoka hata pumzi, na jina likatokea kule kwenye spika, kubwa, tamu, bila mkwaruzo, likafuatwa na maneno ambayo midomo yake haikuyasema kabisa: "Naitwa Awiti, afande. Nimekuja kumsikiliza mume wangu."

Kapteni alicheka mpaka akafuta macho. "Owino! Kumbe bibi yako iko ndani ya gitaa! Mpe mama kiti."

Askari akamkalisha, akaacha mkono begani mwake. Awiti akakaa, akajisikiliza akiimba mpaka jua likazama.

Waliporudi, Bi Rukiah hakufungua mlango. Awiti akachukua mchi wa kinu akivunje kisanduku, Owino akamshika mkono.

"Ukikivunja, mke wangu, utasema na nini?"

Mchi ukashuka. Alikuwa na jibu, jibu kali kabisa, lakini lingetokea wapi?

Wiki zikapita, Jumamosi kwa Jumamosi. Jioni moja, Awiti akiwa ameshika sahani ya ugali, kile kitu kikaita kutoka mezani, kwa upole ambao hata yeye hakuwahi kuwa nao: "Baba Adongo, chakula tayari."

Awiti akaigonga sahani kwa kijiko. Akagonga tena, kwa nguvu.

Owino akageuka, akatabasamu, macho yake yakampita mkewe yakatua kwenye kisanduku.

"Nakuja, Mama Adongo," akakijibu.