Mkwaju Uliolazwa Ukumbini

Waya wa kukunjia matawi ulikuwa umefunguliwa. Haukukatwa wala haukukatika. Ulikuwa umezongolewa taratibu kutoka kila tawi, ukaviringishwa vizuri na kuwekwa kando ya chungu. Na ule mkwaju, mti mzima usiozidi urefu wa mkono wa mtoto, ulikuwa umefumba majani yake yote, kama mikwaju inavyofanya giza likiingia. Ilhali ilikuwa saa sita mchana na jua limejaa ukumbi mzima.

"Nani kaugusa mti wangu?" mshonaji aliuliza.

"Mti wetu," kaka yake akamsahihisha.

Hapo ndipo hasira zilipompanda. Wetu kwa lipi? Marehemu mama yao ndiye aliyeuotesha kutoka kwenye mbegu, akaulea chunguni mpaka anaingia kaburini. Baada ya hapo aliyeumwagilia na kuupogoa ni yeye mshonaji peke yake, na hakuwa na kitu kingine cha mama yake kilichokuwa bado hai. Kaka mtu wakati huo hata kitunguu kilikuwa kinamfia. Sasa, kwa sababu amechaguliwa mwenyekiti wa chama cha wafuga bonsai, hiyo miti inayodumazwa vyunguni mpaka jitu la msituni linatosha mezani, jana ameingia chumbani kwa mdogo wake bila hodi na kuubeba.

Chama kilikuwa na desturi yake: hakikodi ukumbi wa maonyesho mpaka mti mmoja ulazwe humo mpaka kesho yake. Mti ukinyong'onyea, ukumbi haufai. Ukumbi wa shule ulikataliwa kwa giza. Wa hoteli ulikuwa na mashine ya baridi iliyokausha mti wa daktari wa meno, na daktari hajamsamehe mtu mpaka leo. Ukabaki huu wa zamani, wenye madirisha marefu na sakafu ya mbao, na mwenyekiti alikuwa ameshaufia.

"Angalia mwanga huu," alisema. "Utaupata wapi mwingine?"

"Kaka, mti umefumba majani mchana kweupe. Na hiyo harufu huisikii?"

Ilikuwa harufu ya mti mbichi uliokatwa sasa hivi, kali, yenye utomvu. Mle ndani hapakuwa na hata stuli mpya.

"Seremala wa jirani huyo."

"Jirani yupi? Upande huu makaburi, upande ule ukuta! Hivi una akili timamu wewe?"

Kabla hajajibiwa, sauti ikaanza chini ya mbao. Msumeno. Ulikwenda na kurudi, ukaenda na kurudi, polepole, na mshonaji akausikia ukitetemesha nyayo zake ndani ya viatu.

"Nipe mti wangu tuondoke," alinong'ona.

Kaka naye alikuwa ameusikia. Lakini alikuwa na kichwa kigumu tangu utotoni, na mbele ya mdogo wake hakutaka kuonekana mwoga. "Mti haunichagulii ukumbi mimi!" alifoka. Akauchukua waya, akaanza kuufunga upya palepale, akikaza kwa hasira kuliko fundi yeyote mwenye huruma anavyokaza, mpaka tawi moja likapasuka kwa mlio mdogo.

Msumeno ukanyamaza. Ule ukimya uliofuata ulimtisha mshonaji kuliko sauti yenyewe. Akamsukuma kaka yake kando, akaukumbatia mti na chungu chake, akatoka mbio.

Kesho yake alasiri, alikuwa kwenye cherehani aliposikia kaka yake akimwita kutoka chumba cha pili, kwa sauti ya mtu aliyebanwa koo. Alimkuta amesimama katikati ya chumba. Mkono wa kulia ulikuwa umepinda juu, vidole vimetawanyika, shingo imevutwa kuelekea dirishani, na kuanzia kiganjani mpaka begani ngozi ilikuwa imedidimia kwa mfereji mwembamba uliozunguka na kuzunguka, mfereji uleule ambao waya huuacha kwenye tawi, ila hapakuwa na waya wowote, na mshonaji alipokuwa akiangalia, mfereji ukazidi kudidimia na ule mkono ukapinda tena kidogo, taratibu, kama unavyopindwa na mtu mvumilivu asiye na haraka na kazi yake.

"Niteremshe mkono," kaka alilia. "Dada, nakuomba."

Alijaribu. Mfupa ukalia. Akauacha.

Alikwenda kwa mjane mwenye ukumbi huku amefura. Mjane hakumkaribisha hata kuketi. Alisema ukumbi ulijengwa juu ya kisiki cha mkwaju mkubwa, na mumewe aliambiwa mti ule una mwenyewe, asiukate, naye akaukata.

"Mbona hukutuambia?"

"Mngekuja?"

Mshonaji alitamani kumrukia. Badala yake akaenda kumleta mganga, mwanamke mwembamba mwenye maneno makali, ambaye alifika, akamtazama mgonjwa, akautazama mkwaju pale dirishani, na kusonya. "Mwenye mti kakatiwa nyumba, halafu nyie mkamletea kijumba cha mzaha, kimefungwa vyuma! Angewachekea?"

Akafukiza ubani. Moshi ulipomfikia, kaka akafungua kinywa, na iliyotoka haikuwa sauti yake.

"Nilikuwa na kivuli cha watu mia," jini alisema. "Nikafungua waya kwa adabu, mkafunga tena. Mnasema mti haupati maumivu. Basi na huyu hapati. Nitampinda mpaka atoshe mezani."

"Unataka nini?" mganga aliuliza.

"Nyumba. Mti huo utolewe chunguni, upandwe ardhini pale uani kwa mjane, usiguswe na mkasi milele. Nipeni nyumba, nami nitamwacha."

Mganga akamgeukia mshonaji. "Ni mti wako. Mimi sikuamulii."

Mshonaji aliutazama ule mti uliokuwa umeshikwa na mikono ya mama yake, akalitazama na lile pumbavu kubwa lililouiba, limepinda, machozi yanalitiririka. Alimchukia. Alimchukia kwelikweli, na hakuweza kumwacha. Akaubeba mti mpaka uani kwa mjane, akapasua chungu kwa jiwe, akachimba kwa mikono yake huku akilia na kutukana, akaupanda. Mizizi ile iliyokatwa miaka yote ilikuwa mifupi mno, na alijua, kama mfuga bonsai yeyote angejua, kwamba kwa jua lile mti hautamaliza wiki.

Aliporudi, mganga alikuwa anafunga mkoba wake. "Katoka," alisema.

Na kweli, kaka alikuwa ameketi kitini karibu na dirisha, shingo imenyooka, mkono umetulia pajani, ngozi laini. Mshonaji akaporomosha yote aliyokuwa nayo moyoni: mwizi, mkaidi, umeniulia mti wa mama, ukumbi wako ukaumeze mwenyewe. Kaka alisikiliza bila kujibu, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani.

"Sema basi!"

"Nina kiu," alisema kwa upole, sauti yake mwenyewe.

Hasira zikamwisha mara moja. Akaenda jikoni, akamletea kikombe kilichojaa. Kaka alikipokea kwa mikono miwili. Hakukipeleka mdomoni. Aliinama, akavua viatu, akatawanya vidole vya miguu sakafuni, akavimiminia maji polepole, macho yakifumba kwa raha.

Mshonaji alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. "Nikuongezee?" alisikia mdomo wake ukiuliza.

"Hapana, yanatosha," alisema. "Ukizidisha, mizizi inaoza."