Walinipaka Wino Kidoleni Nikiwa Sijitambui

Nilifumbua macho nikamkuta mume wangu ameshika kidole changu gumba, anakipaka wino.

Sikuwa naota, jamani. Wino wa bluu, ule wa mihuri. Akakishusha kidole taratibu juu ya karatasi, akakikandamiza, akakiinua. Pembeni yake alisimama mwanaume nisiyemfahamu, suti ya kijivu, viatu vyeupe pee.

Nilitaka kupiga kelele. Ulimi ukagoma. Dawa za maumivu zilikuwa zimenipeleka mbali...

Nikamsikia yule wa viatu vyeupe akisema, "Vizuri. Limekwisha hilo."

Nikazama tena.

Nilipoamka mara ya pili mume wangu alikuwa peke yake, ananimenyea chungwa, hana hili wala lile. Nikajiambia labda ni dawa tu. Nikakiinua kidole nikakiangalia.

Bluu.

Ngoja niwaeleze nilifikaje pale kitandani, msije mkaniuliza maswali kwenye komenti na mimi sina mkono wa kuwajibu wote.

Mimi naandika mabango. Maduka, saluni, milango ya maofisi, kuta za shule, ukiona herufi zimesimama vizuri mtaani kwetu ujue nimepita. Wananiita Brashi. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na nne juu ya ngazi, na sijawahi kuanguka hata siku moja.

Siku ile nilikuwa kwenye uchochoro, naandika ukuta wa duka la mikate. Mkabala kuna stoo ya kampuni ya magodoro. Gari lao likatoka kinyumenyume, moja kwa moja kwenye ngazi yangu. Mkono wa kulia ukavunjika mara mbili. Goti la kushoto, daktari alisema limesagika, lisipofanyiwa upasuaji ndani ya miezi michache nisahau habari za kupanda ngazi maisha yangu yote.

Sasa shikeni viti vyenu.

Aliyekuwa anaendesha lile gari ni shemeji yangu. Mdogo wake mume wangu, tumbo moja. Kijana niliyemlea mwenyewe nyumbani kwangu miaka mitatu akijifunza udereva. Ndiye aliyenibeba mikononi hadi hospitali, analia kuliko mimi niliyevunjika.

Baada ya siku ile sikumwona tena pale hospitali. Nikaambiwa kampuni imemkataza kuja.

Nilipopata nguvu ya kuongea, nikamuuliza mume wangu ile karatasi ilikuwa ya nini. Akajikuna shingo. Akasema ni mambo ya wakili, amenitafutia wakili mzuri wa ajali, tena wa bure, nisijichoshe na maswali, nipone kwanza.

Kesho yake wakili huyo akaja. Viatu vyeupe vilevile. Akanipa pole ndefu kama hotuba, akataja jina lake kamili.

Nikamwomba alirudie.

Jina lile mimi nimeliandika! Kwa mkono wangu mwenyewe, herufi za dhahabu, kwenye mlango wa kioo, ghorofa ya pili. Na chini yake niliandika "Mwanasheria wa Kampuni". Kampuni gani? Ya magodoro.

Wakili wangu alikuwa ni wakili wao.

Nilijifanya mjinga, nikamshukuru, nikamwomba nakala ya ile karatasi. Akatabasamu, akasema inashughulikiwa. Alipotoka nikamgeukia mume wangu, nikamwambia sina wakili, na nikitoka hapa nitajitafutia mwenyewe.

Alichosema mume wangu sitakisahau.

"Ukitafuta wakili, unamfunga mdogo wangu. Chagua."

Nikamwambia nimeshachagua. Aniletee magongo.

Basi nikatoka hospitali na magongo yangu, au tuseme gongo moja na nusu, maana mkono wa plasta haukuwa unashika chochote. Mume wangu alikataa kunisindikiza. Mama mkwe alisema nina kichwa kigumu. Dada yangu ndiye aliyenishika kiuno ngazi hadi ngazi.

Wakili wa kwanza niliyemwendea ni yule mnayemwona kwenye kila ukuta, mimi nimemwandikia mabango sita. Ofisi ina zulia. Ukuta mzima picha zake akipeana mikono na watu. Kabla sijakaa vizuri akaniambia kesi tumeshaishinda, hajawahi kushindwa tangu azaliwe, nisaini hapa na hapa. Simu ikaita akapokea. Ikaita tena akapokea. Goti langu hakuliuliza. Nilipomwomba nikaisome ile hati nyumbani, akacheka akasema haya ni mambo ya kitaalamu, yatanichosha.

Nikamwambia kwa kweli nimeshachoka, nikaondoka. Dada yangu alinigombeza njia nzima, eti nimekataa bahati. Nilimwacha aseme.

Wa pili alikuwa juu ya duka la kutengeneza simu. Chumba kimoja, feni inalia kama inaumwa. Mama wa makamo, miwani imeunganishwa na gundi, penseli nyuma ya sikio. Nikamwita Mama Penseli kimoyomoyo na mpaka leo ndivyo ninavyomwita.

Hakuniambia nitashinda. Aliuliza, akaandika, akauliza tena. Ngazi ilikuwa umbali gani na ukuta? Nani alikuwa dukani? Niliweka alama yoyote ya kuonya magari?

Nikasema sikuweka.

Akaweka penseli chini. Akaniambia bila kumung'unya maneno kwamba hapo watanibana, na sehemu ya lawama inaweza kuniangukia mimi. Dada yangu akanikanyaga mguu, tuondoke. Mimi nikakaa. Ndiye mtu wa kwanza tangu nianguke aliyeniambia jambo nisilopenda kulisikia.

Nikamweleza habari ya kidole. Yote, mpaka viatu. Akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Unaandikia mkono gani?"

"Wa kushoto, mama. Tangu utoto. Nilichapwa sana shule lakini haukuhama."

"Na uliovunjika?"

"Wa kulia."

Akavua miwani. Akasema, polepole, "Kwa hiyo mwandishi wa mabango, mkono wake wa kuandikia mzima kabisa, ametia dole gumba kama mtu asiyejua kusoma?"

Nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikalia. Wajinga wale! Walihangaika kutafuta kidole kizima, hawakujua kwamba mkono wenyewe ndio unaonilisha. Na mume wangu, miaka tisa tunakula meza moja, naye hakukumbuka. Au alikumbuka akanyamaza. Hilo mpaka leo sijui lipi linaniuma zaidi.

Mama Penseli akanipa mkataba wake. Kurasa mbili, ada yake imeandikwa waziwazi, tukishindwa inakuwaje imeandikwa pia. Akanikatalia kusaini palepale. Nikausome, nilale nao, nirudi Jumatatu.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kabla yake.

Kazi ikaanza. Akaiandikia hospitali, akapata faili la wodi linaloonyesha nilichomwa dawa gani na saa ngapi. Nesi akathibitisha kwamba saa ile sikuwa na uwezo wa kutaja hata jina langu. Akawaandikia kampuni, wakalazimika kutoa nakala ya ile karatasi.

Akaniita niisome mwenyewe.

Kifungu cha kwanza, nimepokea msaada wa kibinadamu na nimeridhika. Cha pili, sitaidai kampuni kitu chochote. Cha tatu, sitazungumza na mtu. Hayo nilishayahisi.

Cha nne nilikisoma mara tatu.

Nikamwomba Mama Penseli anitolee nakala nyingine. Nikamwambia kuna kikao cha familia Jumapili, nina zawadi ya kuwapelekea.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mama mkwe. Walikuwa wamejipanga kweli. Mama mkwe kwenye kochi kubwa, mume wangu mkono wake wa kulia, mawifi wawili, baba mdogo wa ukoo aliyeitwa kuja kunitia adabu. Shemeji yangu alikaa kwenye stuli karibu na mlango, amekonda, hanitazami usoni.

Wakaniongelea kama sipo. Nimeingiwa na tamaa. Nataka kumfunga mtoto wao ili nipate fidia. Mwanamke gani anashitaki damu ya mumewe? Baba mdogo akahitimisha kwamba kesi ifutwe kesho asubuhi, na mimi niombe radhi.

Walipomaliza, nikawauliza kama nami naruhusiwa kusema. Nikatoa ile karatasi, nikampa shemeji. Nikamwambia asome kifungu cha nne, kwa sauti.

Mume wangu akainuka. "Hakuna haja ya..."

"Kaa chini," nikamwambia. Akakaa. Sijui nilipata wapi sauti ile.

Shemeji akasoma.

"Mwathirika anakiri kwamba ajali ilisababishwa na uzembe wa dereva peke yake, aliyechukua gari bila ruhusa ya kampuni..."

Akaishia hapo.

Akamgeukia kaka yake. Akamuuliza, taratibu kabisa, "Kaka, wewe ndiye uliyekubali hii?"

Jamani, niliona mtu mzima akinywea. Kumbe mume wangu hakuisoma! Viatu Vyeupe alimsomea. Alimwambia akikubali, mdogo wake anabaki kazini na mambo yanaisha kimyakimya. Kifungu cha nne alikiruka. Mume wangu alinishika kidole nikiwa nusu mfu ili amwokoe ndugu yake, na kwa kidole hichohicho akamchimbia ndugu yake kaburi.

Baba mdogo akatafuta fimbo yake.

Shemeji akasema hakuchukua gari kinyemela, alitumwa. Kioo cha pembeni kilikuwa kimevunjika wiki tatu, king'ora cha kurudi nyuma hakilii, na kila asubuhi alijaza fomu ya ubovu, msimamizi anasaini, gari linatoka hivyohivyo. Akatoa simu. Fomu zote alikuwa amezipiga picha, maana msimamizi yule alishawahi kumruka dereva mwingine, akakana kuletewa fomu.

Akaja akapiga magoti mbele yangu. Nikamwambia ainuke, goti moja bovu kwenye familia linatosha.

Na mama mkwe? Yule aliyenifokea dakika kumi zilizopita? Akajitanda khanga yake vizuri, akakohoa, akauliza, "Mkwe wangu... huyo wakili wako anapatikana wapi?"

Mngekuwa mimi mngemjibu nini? Nilimpa namba.

Mkisikia kampuni imeona zile picha, mtadhani mambo yaliisha hapo. Wapi. Walituita kwenye usuluhishi, Viatu Vyeupe hayupo, wamemleta mwingine mpole. Wakakubali kulipia goti langu lote, na miezi niliyokaa bila kazi, wakapunguza kidogo tu kwa ajili ya alama ambazo sikuziweka. Upasuaji ungefanyika wiki ileile. Sharti moja, wanachohitaji ni maneno ya kifungu cha nne yabaki. Dereva ndiye mkosaji, kampuni haihusiki.

Miezi ya goti ilikuwa inakwisha. Mama Penseli alinitoa nje, akaniambia uamuzi ni wangu. Nikikataa inaweza kuchukua mwaka, na goti huenda lisisubiri. Nikikubali napona, shemeji anakwenda kujitetea mwenyewe mahakamani. Hakunisukuma upande wowote.

Shemeji alikuwa kwenye benchi la koridoni. Alisikia. Akaniambia, "Shemeji, saini. Mimi nitajua la kufanya."

Nilimtazama. Kisha nikamtazama kaka yake, amekaa mwisho wa benchi, anaangalia viatu vyake.

Nilirudi ndani kwa gongo langu. Nikawaambia mimi naishi kwa kuandika, na miaka kumi na nne sijaandika uongo kwenye ukuta wa mtu, hata waliponilipa mara mbili. Kifungu cha nne kifutwe, au tuonane mbele ya hakimu na zile picha, na wakaguzi wa magari waje waangalie gari moja baada ya jingine.

Yule mpole akaomba dakika kumi. Akarudi baada ya saa nzima.

Wakakifuta.

Goti limefanyiwa upasuaji. Bado linauma kukiwa na baridi, lakini juzi nimepanda ngazi, vidato vinne, na alama nimeweka chini pande zote mbili. Shemeji anaendesha gari la kampuni nyingine, vioo vyote vizima.

Ninachowaomba, wenzangu. Ukipata ajali, mwogope wakili anayekufikia kitandani kabla hujamwita, hata akiletwa na unayempenda. Muulize anamfanyia nani kazi. Asiyekuambia ubaya wa kesi yako anakuuzia maneno. Asiyetaka ukasome hati nyumbani, mwachie hati yake. Na usikubali kusomewa na mtu kitu ambacho macho yako yanaweza kukisoma.

Najua swali mnalotaka kuuliza. Mume je?

Ameomba msamaha mbele ya watu wote wa kikao kile, mmoja mmoja. Anapika, anafua, ananisindikiza kliniki. Sijaondoka. Watu wanasema nimemsamehe.

Tunaishi vizuri tu. Ila yeye analala sebuleni, na nikienda kulala, mlango wa chumba naufunga kwa ndani.