Sauti Isiyoandikwa

Katika kundi la wapiga vyombo wa kanisa moja la Ganjoni, kila mtu aliijua kanuni. Anayepiga sauti ambayo haikuandikwa kwenye karatasi ya noti za solfa huondolewa mbele, naye hufagia kanisa Jumamosi nne mfululizo, mlango mkubwa ukiwa wazi ili wapitao njiani wamwone. Mwalimu Nicanor, mkuu wa kwaya, aliiweka kanuni hiyo miaka ishirini na sita iliyopita, na katika muda huo wanaume watatu walikuwa wameushika ufagio. Hakuna hata mmoja wao aliyerudi kuketi mbele, kwa maana aibu iliwashinda.

Awiti hakuwa na sababu ya kuuogopa ufagio huo. Alikuwa karani katika yadi ya makontena huko Shimanzi, kazi ya kusoma namba na kuzinakili bila kukosea, na gitaa alilipiga vivyo hivyo.

"Mtazameni Awiti," Mwalimu Nicanor alizoea kuwaambia wengine. "Haongezi wala hapunguzi."

Kwa hiyo ndiye aliyechaguliwa apige peke yake katika ibada ya kuwakumbuka marehemu, Jumapili ya pili ya Novemba. Mama yake alikuwa miongoni mwa marehemu wa mwaka huo. Wimbo uliopangwa ndio ule ambao mama aliupenda kupita nyimbo zote, na Awiti alikuwa ameupiga mara mia bila kosa, wala hata mara moja hakumsikia mama yake ndani yake. Jambo hilo lilimnyima raha. Jumapili hiyo ingekuja mara moja tu, naye alitaka mama awemo.

Jumamosi moja ya Septemba, saa sita mchana, alikuwa akipita Barabara ya Biashara. Njia ilikuwa imesongwa na wanunuzi. Leso zilitundikwa toka juu hadi chini kwenye milango ya maduka, na harufu ya viazi karai ilishindana na ya ubani. Awiti alivaa gauni la kitenge la samawati, nywele zimesukwa mistari, gitaa amelibeba mgongoni bila mfuko. Akainama kumpisha mama mwenye kapu. Kichwa cha gitaa kikanasa leso moja, na alipoinuka, safu nzima ikamwangukia.

"Mwanangu," akasema Bi Jannat, mwenye duka, bila kuinuka kitini, "gitaa lako lataka kununua au lataka kuiba?"

"Niwie radhi, mama. Sikuona."

"Lenyewe limeona. Limechagua rangi nzuri."

Ndani ya duka alikuwamo kijana aliyekuwa akipigilia rafu mpya. Akatoka, penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni.

"Usivute, dada," akasema. "Ukivuta, utachana leso ya watu na kukata uzi wako." Akaanza kuinasua taratibu, uzi baada ya uzi.

"Wewe ni fundi wa leso?"

"Fundi wa mbao. Naitwa Gunga. Na hili gitaa lako ni gonjwa. Kibao hiki kinachoshika nyuzi kinabanduka. Joto limeilegeza gundi. Kwa wiki mbili hivi kitang'oka mbele za watu."

"Mbele ya Mwalimu Nicanor," Awiti akasema, na kwa kuiwazia siku hiyo akacheka bila kupenda.

"Huyo ni mumeo?"

"Ni mkuu wa kwaya. Ana miaka sabini."

"Sikuuliza umri."

"Gunga," Bi Jannat akaita, "nimalizie rafu yangu kwanza. Posa utaleta baadaye."

Karakana ya Gunga ilikuwa katika kichochoro nyuma ya Ndia Kuu. Hapo alichonga milango ya nakshi, na kati ya mlango na mlango alitengeneza magambusi na magitaa ya watu. Awiti alimwachia gitaa, na siku ya tatu alipofika, lilikuwa tayari.

"Lijaribu," Gunga akamwambia.

Akaupiga wimbo wa mama yake toka mwanzo hadi mwisho. Gunga alisikiliza akiwa ameegemea ubao wa mvule.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hakuna kosa hata moja."

"Ahsante."

"Sikukusifu, dada. Umeusoma kama hati ya kontena."

Awiti akasimama. Ndilo neno alilojiambia mwenyewe usiku na mchana. "Na wewe waweza kuupiga?"

Gunga alibatizwa Rabai na kuimba katika kwaya ya watoto, hivyo wimbo aliujua. Akalipokea gitaa, akaketi juu ya kreti. Mstari wa kwanza aliupiga kama kila mtu. Katikati ya mstari wa pili akanyamaza. Ukimya ule ukakaa, ukakaa zaidi, kisha sauti ikaja kutoka chini, ikipanda polepole kama mgonjwa anayeinuka kitandani kwa mara ya kwanza. Awiti alisogea karibu. Aliona kwamba kidole kimoja cha mkono wa kushoto wa Gunga kilisimama wima, hakikukunjika, ila hakukifikiria. Alikuwa akiufikiria ule ukimya.

"Nifundishe," akasema.

"Kupiga unajua. Hilo lingine mimi sijui hufundishwaje."

"Basi nitakuja kulisikiliza."

"Njoo. Kwangu hakuna kanuni."

Akawa anakwenda kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja, akitoka kazini. Walikula mahamri kwa mbaazi juu ya meza ya kurandia mbao, wakapiga gitaa kwa zamu. Mchana, saa ya chakula, simu iliita katikati ya ngurumo za malori ya Shimanzi.

"Karani wangu, umekula?"

"Naandika namba za makontena, fundi."

"Niandike na mimi."

"Wewe huna namba."

"Nipe moja."

"Lori linapiga honi, sikusikii."

"Honi hiyo ina uchungu moyoni. Isikilize, ujifunze."

Mwezi ulipokwisha, Gunga alimwambia waziwazi kwamba anampenda, akiwa amesimama nyuma ya mlango usiokwisha kuchongwa, hata Awiti akalazimika kuuzunguka ili amwone uso. Akamkuta ameona haya. Akampangusa vumbi la mbao kwenye nyusi, na hilo likawa jibu.

Alichomficha Gunga ni kwamba siku ile ya tatu aliporudi nyumbani alijuta kutoinasa sauti yake, na wiki iliyofuata aliinasa kwa simu, kwa siri. Kwa wiki tatu aliisikiliza, akaipima, akahesabu muda wa ule ukimya, akaijua namna sauti inavyopanda. Siku alipokuwa tayari alivaa dera jekundu na vipuli vya mama yake, akaingia karakanani akitabasamu.

"Leo kaa usikilize, mpenzi."

Akapiga. Mstari wa pili, mahali pale pale, akanyamaza kwa kipimo kile kile. Kisha akapandisha sauti kutoka chini. Alipoinua macho akitegemea kusifiwa, uso wa Gunga ulikuwa umekauka.

"Nani amekufundisha kunichezea shere?"

"Shere ipi? Nimepiga kama wewe."

"Ndiyo. Kama mimi hasa." Gunga akautia mkono wa kushoto mfukoni. "Chukua gitaa lako, Awiti."

"Nimejifunza wiki tatu kwa ajili yako."

"Ungejifunza kwa ajili yako mwenyewe."

Akashika randa, akaanza kuranda ubao kwa nguvu, na Awiti hakuweza kusema neno likasikika. Akatoka. Alikuwa na kiburi chake, naye Gunga alikuwa na chake; siku kumi na moja zikapita bila simu kulia.

Ibada ilipobakia siku nne, Awiti alikwenda Barabara ya Biashara kutafuta mtandio mweusi. Bi Jannat alimtazama toka miguuni hadi kichwani.

"Mwenzio alikuja jana. Akaipima rafu aliyokwisha kuipigilia. Mara mbili akaipima. Mna nini nyinyi?"

Awiti akamweleza. Bi Jannat akauweka mtandio chini.

"Mwanangu, hukuambiwa habari ya kidole? Mwaka juzi, akichonga mlango huu wangu, patasi ilimteleza ikamkata mshipa. Tangu siku hiyo kuna sauti haifikii. Akifika hapo hunyamaza, kisha huizunguka kwa chini. Wewe wamwendea wampigia kilema chake usoni, nawe u mzima. Wataka acheke?"

Awiti sasa alielewa. Alikuwa amenakili jeraha la mtu kama anavyonakili namba ya kontena, kwa uangalifu, bila kuuliza ndani mna nini. Akatoka kibarazani, akapiga simu.

"Naam," Gunga akaitikia.

"Sikujua habari ya kidole."

"Ulikuwa ukikiona kila siku."

"Nilikiona, sikukisikia. Ule ukimya nilidhani umeutunga."

Gunga akasema, "Ningefurahi kama ningeutunga."

"Nimezoea kunakili, Gunga. Ndivyo nilivyolelewa, na nimekuumiza. Nisamehe."

"Nami nilikufukuza kabla ya kukuuliza. Nisamehe wewe pia." Akavuta pumzi. "Lakini nikuulize sasa. Vidole vyako vyote vinakunjika. Kwa nini unyamaze ninaponyamaza mimi? Mama yako alikuwa akinyamaza wapi?"

Jibu Awiti alilikuta jioni hiyo akipanda kwenda kwao, ghorofa ya nne. Miaka yote ya utoto wake mifereji ilikauka, na mama alipandisha maji kwa dumu, akiimba. Kila kituo cha ngazi aliutua mzigo, akahema, kisha akaendelea na wimbo kutoka neno lile lile aliloliacha. Na kituo cha nne, alipokwisha kufika, neno la mwisho aliliimba mara mbili. Awiti mdogo aliona aibu majirani wakimsikia mama anavyohema. Sasa aliketi hapo ngazini na gitaa lake, watu wakampita, naye hakuona aibu ya mtu yeyote.

Jumapili kanisa lilijaa. Awiti alivaa gauni jeupe na mtandio mweusi. Baba yake, mstaafu wa reli, aliketi benchi la pili. Gunga, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inaonekana, aliketi la mwisho. Mwalimu Nicanor akatoa ishara.

Alianza. Mwisho wa kipande cha kwanza akautua wimbo chini, akauacha uheme. Mwalimu Nicanor akagonga kinara cha karatasi kwa penseli. Awiti akauinua wimbo kutoka mahali alipouacha, akapanda nao, akautua tena. Penseli ikagonga kwa nguvu zaidi.

"Awiti," Mwalimu akanong'ona. "Karatasi."

Awiti akamtazama usoni. Wakati wimbo ukihema kwa mara ya tatu, akanyoosha mkono, akaigeuza karatasi kifudifudi, akaendelea. Katika benchi la pili baba yake alikuwa amefunika kinywa kwa mkono. Alikuwa ameusikia mguu wa mkewe kwenye ngazi. Sauti ya mwisho Awiti akaipiga, kisha akaipiga tena.

Baada ya ibada Mwalimu Nicanor alimwita chumba cha kwaya.

"Kanuni unaijua."

"Naijua, Mwalimu."

"Umeivunja kwa makusudi, mbele ya ushirika mzima. Ukisema kwamba umekosa, nitapunguza Jumamosi mbili."

"Adhabu naikubali, Jumamosi zote nne," Awiti akajibu. "Kosa silikubali."

Jumamosi ya kwanza alifagia mlango ukiwa wazi. Wapita njia walichungulia, wengine wakacheka. Gunga alifika na ufagio wake mwenyewe; Mwalimu Nicanor akamsimamisha mlangoni.

"Adhabu hii ni ya mtu mmoja."

"Na kutazama, Mwalimu?"

"Kutazama kunaruhusiwa. Ndiyo maana mlango uko wazi."

Basi Gunga akaketi ukutani, ng'ambo ya njia, Jumamosi hiyo na iliyofuata. Jumamosi ya tatu watu walipokusanyika kuchungulia, aliwakaribisha kama mwenyeji.

"Mtazameni vizuri, jamaa. Huyo ndiye nitakayemwoa, akinikubali."

"Hukuniuliza," Awiti akasema kutoka ndani, bila kuacha kufagia.

"Nakuuliza."

"Mbele za watu wote hawa?"

"Si mimi niliyefungua mlango."

"Ngoja nimalize kazi yangu, fundi."

Waliokuja kucheka wakacheka, ila sasa hawakumcheka yeye.

Jumamosi ya nne alifagia toka madhabahuni hadi kizingitini, akasimama mbele ya Gunga, akijifuta jasho kwa pindo la leso aliyojifunga kiunoni.

"Waambie wazee wako wa Rabai waende kwa baba," akasema. "Nimekukubali."

Kisha akageuka ndani, alikosimama Mwalimu Nicanor na mikono nyuma.

"Kesho nitaketi mbele, Mwalimu."

"Hakuna aliyewahi kurudi."

"Kanuni haisemi asirudi."

Mwalimu Nicanor alikuwa mtu wa haki, na kanuni aliiandika mwenyewe. "Haisemi," akakiri. "Utapiga kilichoandikwa?"

"Nitakisoma kwanza. Kisha nitapiga."

"Utafagia tena."

"Nitafagia."

Mzee akainama kwa taabu, akapitisha kidole chini ya benchi la mwisho, akakitazama kwenye mwanga wa mlango. Hakukuwa na vumbi. Akaupokea ufagio mkononi mwa Awiti, na kwa sauti iliyowafikia wote waliosimama njiani, akasema:

"Adhabu imelipwa."