Kijiko cha Dong-su

Rafiki yangu Man-sik, Mungu amrehemu, alikuwa mchukuzi wa batalioni wakati wa vita vya Korea, akiwapandishia wanajeshi madonge ya wali mlimani. Siku moja mchana ukungu ulikuwa mzito, haoni hata mkono wake. Akagongesha fimbo yake kwenye jiwe, ishara ya wachukuzi.

“Kaka, wali umepoa tena?” mdogo wake, Dong-su, akauliza handakini.

“Kula, mlafi we!”

Akaliweka donge ukingoni, akamsikia akitafuna, akashuka. Njiani akakutana na wabeba machela.

“Pole, kaka. Huyu ni Dong-su. Amekufa tangu alfajiri.”

Man-sik akarudi mbio, akaita mpaka sauti ikakauka. Handaki lilikuwa tupu. Donge lilikuwa zima, na kijiko cha mdogo wake kimesimamishwa wima katikati, kama tunavyofanya kwenye wali wa marehemu wetu.