Samaki wa Satini

Droo ya cherehani ilifunguliwa, ikafungwa. Ikafunguliwa tena. Nje kulikuwa bado giza, na Kifungo, aliyelala nyuma ya pazia, aliijua droo ile kwa sauti. Ilikwaruza kidogo mwishoni, kama mtu anayesafisha koo. Mama yake hakuwa mtu wa kuifungua mara mbili.

Mama alikuwa anatafuta mikono. Mikono miwili ya gauni la satini ya buluu, la muuguzi mmoja aliyekuwa anahitimu kesho yake.

Kifungo alijifunika shuka mpaka kichwani. Alikuwa darasa la tano, na jina hilo alipewa na mama yake mdogo siku aliyozaliwa, kwa vile alikuwa mviringo na mdogo kama kifungo cha shati. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa kibanda cha ushonaji. Mama alishona, mama mdogo alikata.

Kulipopambazuka mama mdogo aliingia na mkasi wake kwapani, akaulizwa. Alisema alikata mikono yote miwili, akaifunga kwa uzi mwekundu, akaiweka kwenye droo. Mama akasema haimo. Mmoja akasema tafuta vizuri, mwingine akasema nimetafuta tangu alfajiri. Hapo mama, kwa wasiwasi wa gauni la watu, akatamka asilopaswa kutamka.

"Basi humu ndani kuna mwenye mkono mrefu. Na droo hii tunaishika mimi na wewe tu."

Siku nyingine wangecheka, maana kumtafuta mwenye mkono mrefu kwa sababu ya mikono iliyopotea ni kichekesho. Lakini mama mdogo hakucheka. Aliufunga mkasi wake kwenye kitambaa, taratibu, kama anayemvisha mtoto nguo.

"Dada, miaka sita nakata vitambaa vya watu hapa," alisema. "Mtafute mwingine."

Akaondoka. Kifungo alikunywa chai yake bila kuionja.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na sheria moja. Kitambaa kilichofungwa uzi mwekundu ni cha mwenyewe, hakiguswi. Kilichotupwa kapuni ni mabaki, achukue anayetaka. Shuleni walikuwa wanajiandaa kwa Siku ya Watoto, na mwalimu aliwagawia nchi mbalimbali waeleze watoto wa huko wanavyosherehekewa. Kiranja wa darasa alipewa Uturuki, ambako watoto hukalishwa bungeni kwenye viti vya wakubwa, na tangu hapo akawa anatembea kama waziri. Kifungo alipewa Japani, ambako familia hutundika juu ya nyumba samaki wakubwa wa kitambaa, upepo ukawajaza wakaogelea angani. Aliambiwa ashone samaki mmoja wa mabaki.

"Samaki wako atakuwa wa matambara," kiranja alimtania. "Hata paka hatamtaka."

Kapuni mlikuwa na vipande vya kahawia na vyeusi tu. Juzi mchana, nyumba ikiwa tupu, Kifungo alifungua droo, akafungua uzi mwekundu, akaidondosha ile mikono ya buluu kapuni. Akatoka nje, akahesabu mpaka mia. Kisha akarudi, akaiokota kapuni. Mwalimu alipomuuliza satini nzuri vile imetoka wapi, alijibu, "Kapuni kwa mama." Wala hakuona kwamba amesema uongo.

Asubuhi hiyo ya ugomvi ndiyo iliyokuwa Siku ya Watoto, na samaki wake ndiye aliyependeza kuliko wote. Alining'inia juu ya uwanja wa shule, tumbo limejaa upepo, mkia umekatwa kwa zigizagi. Wazazi walikaa kwenye mabenchi. Mama alikuja akiwa amechelewa, uzi umemnasa begani. Alikuwa ameahidi, na ahadi kwa mtoto hakuivunja hata siku ya dhiki. Alitazama juu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama binti yake.

Kifungo alianza kusoma. "Samaki huyu hupanda mto akishindana na maji. Wazazi humtundika wakiwatakia watoto wao nguvu ya kufanya jambo gumu, hata..."

Sauti ikakatika. Watu walidhani ni woga, wakampigia makofi.

Sherehe ilipokwisha alimwomba mwalimu ruhusa, akamshusha samaki, akamkabidhi mama yake kwa mikono miwili.

"Niliiokota kapuni," alinong'ona.

"Nani aliiweka kapuni?"

Kifungo akalia, akaeleza yote, mpaka ile mia aliyoihesabu.

Mama alikaa naye kwenye benchi lililobaki tupu. Alipima ule mkia kwa vidole. Akampigia simu muuguzi, akamweleza bila kupamba kwamba satini imeharibiwa nyumbani kwake, kwamba mikono haitafika kwenye kiganja, itaishia kwenye kiwiko. Muuguzi aliguna, mwisho akakubali.

"Kuokota kapuni ni kweli," mama alisema akiirudisha simu mkobani. "Lakini ukweli wako uliukata mikono, mwanangu, kama ulivyolikata gauni. Ukweli uliokatwa unamvisha mtu mwingine aibu isiyo yake. Satini nitaiunga mimi usiku huu. Jina la mama yako mdogo siwezi kuliunga peke yangu, maana tumelichana sote wawili. Twende."

Walipita mitaa miwili, samaki amekunjwa kwapani mwa mama. Mama mdogo alikuwa mlangoni kwake, anachambua mboga, na hakuinua macho. Mama alianza yeye. Alisema nisamehe, mdogo wangu, nimekuonea. Kisha akamsogeza Kifungo mbele kidogo, akauacha mkono wake begani mwa mtoto.

Kifungo alimtazama usoni.

"Mama mdogo, mikono ya gauni niliichukua mimi kwenye droo."